Vumbi la Januari, tope la Machi

Mimi ni fundi rangi. Nina miaka kumi na sita kwenye gereji moja hapa Pasua, Moshi, na kazi yangu yote ni kufuta. Mteja analeta Noah iliyokwanguliwa ubavuni na bodaboda. Natoa rangi ya zamani, napiga puti, nasugua msasa namba 240, halafu 400, halafu 800 na maji, napiga praima, narudia msasa, natafuta rangi yake mpaka ifanane, napuliza. Akija kuichukua anapitisha kiganja pale palipoumia, asisikie kitu. Hapo ndipo anatoa hela.

Sasa tangu mwezi wa kwanza mwaka huu nimekuwa na kazi nyingine ya usiku, na kazi hiyo inataka kinyume chake. Nimetengeneza kifaru cha vita cha plastiki, na zaidi ya nusu ya muda wangu imekwenda kwenye kukichakaza: mikwaruzo, dizeli iliyomwagika, masizi, vumbi, tope. Vijana wanaopita gerejini jioni wamekuwa wakiniuliza lile tope nimelipataje. Naandika yote hapa, pamoja na nilipokosea, kwa sababu nilipokosea ndipo nilipojifunza.

Kifaru kililetwa na mdogo wangu, anayefuata mzigo Guangzhou. Alishuka na boksi limebanwa katikati ya mabegi ya mtumba wa simu, akaniambia, "Kaka, nimekiona nikakukumbuka." Alikuwa anakumbuka utoto wetu Kibosho, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha baba mkubwa, tulivyokuwa tunaunda malori ya makopo na kukata magurudumu kwenye kandambili zilizokatika. Mimi nilikuwa sikubali lori liende bila taa za nyuma.

Ni Type 59, kipimo cha 1/35, yaani kifaru halisi ni kirefu mara 35 kuliko hiki. Hiki ni kifaru cha Wachina kilichozaliwa kutokana na T-54 ya Wasovieti. Kilianza kazi mwaka 1959, kina tani 36, kinabeba askari wanne na mzinga wa milimita 100. Mdogo wangu alichagua kwa kupenda picha ya kwenye boksi. Hakujua kwamba ndicho kifaru ambacho jeshi letu liliingia nacho Uganda mwaka 1979, kwenye Vita vya Kagera, na kwamba baba mkubwa, huyohuyo aliyekuwa anatupa makopo ya kuundia malori, alitembea nyuma ya vifaru hivyo kwa miguu.

Niliamua siku ileile kwamba nikikimaliza kitakuwa chake, na kwamba nitakimaliza kabla ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai. Kila mwaka siku hiyo huwa anakaa karibu na redio tangu asubuhi na hataki kuzungumzishwa.

Kuunganisha sitaeleza kirefu. Karatasi ya maelekezo ni michoro mitupu, na mchoro hauhitaji kujua Kichina. Kata kipande kwenye fremu kwa kiwembe, acha kijisehemu kidogo, kimalizie na msasa. Usikinyofoe kwa vidole, plastiki itachanika na kuacha kidonda cheupe ambacho puti haitakiponya vizuri. Ndani ya bodi gundisha nati kadhaa za magurudumu ya gari, kifaru kipate uzito na kikalie cheni zake sawasawa. Kikiwa chepesi kinaonekana chepesi hata kwenye picha. Na toboa mdomo wa mtutu. Milimita 100 ukigawa kwa 35 ni kama 2.9, kwa hiyo tundu lina kipimo, usitoboe tu kwa macho.

Mambo mawili ya hatua hii nitayasema kwa kirefu kidogo, maana kwenye picha nyingi za watu nimeona yameachwa.

La kwanza ni kichwa, ile sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga. Kichwa cha Type 59 ni chuma cha kusubu. Kimemiminwa kwenye kalibu kikiwa uji wa moto, kwa hiyo uso wake una vinundu, kama ganda la chungwa. Cha kwenye boksi kilikuja laini kama yai. Gerejini uso wa chungwa ni aibu, mwenye gari akiuona anajua umepuliza rangi nzito ukiwa mbali. Hapa nikautafuta kwa makusudi. Nilikatakata mabaki ya fremu kwenye kichupa cha dawa, nikamimina thina ya gari kidogo, nikafunga, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nilikuta uji wa plastiki. Niliupaka kichwani kidogo kidogo, na kabla haujashika nikawa naudonoa kwa brashi ngumu niliyoikata nywele zibaki fupi. Baada ya siku mbili nikapitisha msasa namba 600 mara tatu tu, kuvilaza vile vinundu virefu. Nilipokipuliza praima ya kijivu nikakisogeza kwenye taa, mwanangu wa miaka tisa akaniuliza kama sasa kimekuwa cha chuma.

La pili ni cheni. Type 59 ina magurudumu matano makubwa kila upande na haina vile vigurudumu vidogo vya juu vya kubebea cheni. Kwa hiyo cheni ya juu inalala mgongoni mwa magurudumu na kulegea katikati yao kama kamba ya kuanikia nguo. Pia pengo la kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni pana kuliko mapengo mengine, na hapo cheni inashuka zaidi. Cheni zangu zilikuwa za mpira, zimekaza kama mkanda wa feni. Niliziinamisha kwa njiti za kiberiti, moja kati ya kila magurudumu mawili, nikatia tone la supaglu pale cheni inapogusa gurudumu, nikaziacha mpaka kesho yake. Ukitoa njiti, cheni inabaki imelala. Hakuna kitu kingine kinachobadilisha kifaru kutoka kuwa kichezeo kama hiki, na gharama yake ni kiberiti.

Rangi ya kijani nilichanganya mwenyewe kwa akriliki za duka la vifaa vya shule: kijani cheusi, manjano ya udongo, na nyeupe. Kutafuta rangi ndiyo kazi inayonipa mkate, kwa hiyo sikuogopa. Ila ilibidi nikumbuke jambo moja ambalo kwenye magari halipo. Ukikishika kifaru hiki sentimita 60 kutoka machoni, ni sawa na kusimama mita 21 kutoka kwenye kifaru halisi, na kwa umbali huo hewa yenyewe imeshaipausha rangi. Kijani kilekile cha jeshini, ukikipaka kwenye kitu cha sentimita 17, kinageuka karibu cheusi. Nikaongeza nyeupe na manjano mpaka nikaona aibu jinsi kilivyopauka kwenye kikombe. Kilipokauka juu ya praima kilikuwa sawa. Juu ya kichwa na juu ya madigadi, ambako jua linapiga, nilipuliza tena kilekile kikiwa na manjano zaidi. Chini karibu na magurudumu nikaacha kama kilivyo. Nyota nyekundu za Kichina zilizokuja kwenye karatasi ya stika niliziacha kwenye boksi.

Kabla ya kijani nilikuwa nimepiga koti la kahawia nzito, na juu ya kahawia hiyo nikapuliza spre ya nywele. Mke wangu ana saluni Majengo, spre ya nywele kwetu haikosi. Inafanya hivi: inakauka kama vanishi nyembamba, lakini maji yanailegeza. Ukipuliza akriliki juu yake, ukasubiri kama dakika ishirini, ukalowesha sehemu kwa maji ya uvuguvugu na kuisugua kwa brashi fupi au kijiti cha meno, kijani kinabanduka vipande vidogo vidogo na kahawia inatokeza chini yake. Kinabanduka chenyewe, kwa umbo lake chenyewe, si kwa mkono wako. Kule gerejini namfukuza kijana kazini akiniletea rangi inayobanduka. Hapa nilikaa mpaka saa saba usiku nikibandua kwa furaha, nikapita kila kona ya kifaru.

Kosa la kwanza lilikuja kwenye maji ya rangi. Haya ni rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia iliyokolea, iliyozimuliwa mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Ukigusa kwa ncha ya brashi kwenye pini au kwenye ungio, inakimbia yenyewe kuzunguka na kukaa kwenye pembe, na kila kitu kilichochomoza kinaonekana. Tyubu mbili za rangi hiyo nilinunua kwa mchoraji mmoja anayewachorea watalii Mlima Kilimanjaro. Akanionya nizimue kwa tapentaini. Usiku ule tapentaini ilikuwa imeniishia, na kopo la thina ya gari lilikuwa miguuni pangu. Nikasema tone moja halitaleta neno.

Thina ileile iliyoniyeyushia fremu ikawa uji haiwezi kuwa na huruma kwa kifaru. Ilipita kwenye kijani, ikapita kwenye praima, ikafika kwenye plastiki. Reli ya kushikia ya upande wa kulia wa kichwa ililainika ikajikunja kama tambi mbele ya macho yangu. Niliiondoa yote, nikatengeneza mpya kwa waya wa shaba niliouomba kwa fundi wa kusuka mota, nikarudia praima na kijani upande mzima. Wiki mbili zilipotea. Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja bila kuuvunja: chini rangi ya maji, juu yake vanishi inayong'aa ikauke siku nzima, ndipo rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini. Tapentaini haina habari na akriliki iliyokauka, na ukikosea unafuta kwa kitambaa, ya chini inabaki salama. Thina ya gari ibaki kwenye magari.

Mwezi wa sita nilijiona nimemaliza. Nilikuwa nimekipiga mikwaruzo, kutu ya machungwa kwenye cheni zote, tope zito jeusi chini, na juu ya tope nikakinyunyizia vumbi jekundu kila mahali, kichwa mpaka magurudumu. Nilikiweka juu ya friji. Wiki hiyo baba mkubwa aliteremka mjini kliniki, akalala kwetu.

Asubuhi nilimkuta sebuleni peke yake, amekaa mbele ya friji na kiti cha kula. Nilikuwa nataka kimfikie kikiwa tayari, lakini sikuwa na pa kukificha tena.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hiki umekijenga wewe?"

Nikasema ndiyo. Akaomba nikishushe. Akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza nyuma mbele, akakiweka mezani akaangalia nyuma yake. Akanyamaza kwa muda. Halafu akaniuliza swali ambalo nililitegemea kidogo kuliko yote.

"Gogo liko wapi?"

Kwenye boksi kulikuwa na gogo la plastiki, lenye maganda ya kuchorwa, la kufungwa nyuma. Sikuliweka kwa sababu lilionekana la uongo. Akaniambia bila gogo kifaru hakitoki. Kikizama kwenye tope, wanalifunga gogo kwenye cheni kwa mbele, cheni ikizunguka inalivuta chini ya tumbo la kifaru, na kifaru kinapanda juu ya gogo lake chenyewe. "Tumelivuta hilo gogo," akasema, "mpaka mikono ikachubuka."

Halafu akaanza kukipitia kwa kidole, kama mimi ninavyopitia gari la mteja kutafuta bonde lililobaki. Alinyooshea mikwaruzo iliyokuwa chini ya mzinga, mbele ya kichwa.

"Hapa alipanda nani?"

"Hakupanda mtu, ni rangi imechakaa tu."

"Rangi haichakai tu, mwanangu. Hapa hakuna anayekanyaga. Na huku?" Kidole kikaenda nyuma kushoto, kwenye ekzosi. "Huku umekwaruza sana. Hili bomba linaunguza. Hakuna askari anayepandia huku mara mbili."

Wao walikuwa wanapandia kulia, akasema, mguu wa kwanza kwenye cheni, wa pili juu ya matangi ya mafuta yaliyolala kwenye madigadi, mkono kwenye reli ya kichwa. Reli ile niliyoitengeneza kwa waya wa shaba. Kwa hiyo matangi ya kulia ndiyo yaliyokwisha rangi, kwa buti, na ile reli ilikuwa inang'aa kwa mikono. Na nyuma juu ya injini, kwenye vile vifuniko vyenye matundu, walikuwa wanalala wakipewa nafasi, maana injini ikizimwa chuma kinabaki na joto mpaka usiku wa manane, na kule usiku kuna baridi.

Kuhusu kutu ya cheni alitikisa kichwa. Kifaru kinachotembea hakina kutu kwenye cheni, barabara inazisugua. Meno ya cheni yanayogusa ardhi yanang'aa kama jembe la mtu anayelima. Kutu ni ya kifaru kilichosimama.

Mwisho akafika kwenye udongo. Alivua miwani, akakisogeza karibu na jicho.

"Umeweka vumbi juu ya tope."

"Ndiyo baba."

"Tulianza na vumbi."

Na hapo akanisimulia safari, kwa utulivu, kidole bado kiko kwenye kifaru. Nilikuwa nazijua tarehe hizi, tulifundishwa shuleni. Kwamba majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, kwamba tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alisimama akataja uwezo, sababu na nia ya kumpiga. Sikuwahi kuzifikiria kama udongo. Waliuvuka mpaka wa Uganda pale Mutukula Januari 1979, na Januari kule ni kiangazi kifupi: vumbi jekundu, alisema, jekundu kuliko hili la Kibosho, vifaru vikipita mbele nyie mlio nyuma mnakula vumbi mpaka mate yanakuwa mekundu. Masaka ilikuwa Februari, bado vumbi. Halafu Machi, mvua zimeanza, wakafika Lukaya. Barabara pale inapita katikati ya kinamasi, mafunjo kushoto, mafunjo kulia. Huko ndiko walikokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin na vifaru vyao vya T-55, ambavyo ni ndugu wa baba mmoja na hivi vyetu. Tope la Lukaya halikuwa jekundu. Lilikuwa jeusi, lina harufu ya majani yaliyooza, na lilipanda juu ya lile vumbi la Januari.

"Kwa hiyo jekundu liko ndani," nikasema.

"Jekundu liko ndani. Juu kichwani limebaki jekundu, tope halikufika. Chini jeusi."

Alipomaliza aliomba chai. Hatukuzungumza tena kuhusu hilo siku ile, isipokuwa jambo moja, alisema walio pale Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, wangependa kukiona.

Nilikiosha wiki ileile. Tope nililokuwa nimelitumia lilishikwa na gundi nyeupe iliyozimuliwa, kwa hiyo maji ya moto kiasi na mswaki vililitoa. Lakini maji hayohayo yakapata njia kwenye madigadi ya mbele kushoto, mahali ambapo vanishi haikufika vizuri, yakaifikia spre ya nywele, na kijani kikanyanyuka kipande kizima upana wa ukucha wa kidole gumba. Nilikitazama nikishawishika kukiacha. Kilikuwa kizuri, kilifanana na kifaru kilichogonga mti. Lakini baba mkubwa hakuniambia habari ya mti. Nikapiga msasa, nikarudia praima, kahawia na kijani, na mikwaruzo ya chini ya mzinga nayo nikaifunika. Nikaifanya upya kwa sponji pale tu aliponionyesha: ukingo wa matangi ya kulia, hatua ya buti, reli. Shaba ya ile reli niliipaka kijani, kisha nikaisugua katikati kwa penseli laini, ikapata mng'ao wa chuma kilichoshikwa. Cheni nilizipaka kahawia-nyeusi iliyopoa na meno yake nikayasugua kwa penseli hiyohiyo.

Vumbi jekundu nililipata Kibosho, mita chache kutoka mlango wa baba mkubwa. Udongo wa kweli una shida moja, ni mkubwa mno. Chembe ya mchanga ya milimita moja, kwenye kipimo cha 1/35, ni jiwe la sentimita tatu na nusu, na hakuna vumbi la mawe. Niliukausha juani, nikautwanga kwenye kinu kidogo, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni, nikautwanga tena, nikauchekecha tena mara mbili, mpaka ukawa unaelea ukiupuliza. Niliukoleza kidogo kwa unga wa chokaa nyekundu, maana alisema la kule ni jekundu zaidi. Niliupaka mkavu kwa brashi laini juu ya vanishi isiyong'aa, kila mahali vumbi linapokaa: kwenye pembe, nyuma ya kichwa, juu ya madigadi, ndani ya magurudumu. Kisha nikagusa pembeni yake kwa brashi yenye tapentaini, si juu yake. Tapentaini inatembea yenyewe chini ya vumbi, na ikikauka vumbi limeshika. Usishtuke likilowa likawa jeusi, litarudi.

Tulikuwa tumeingia Julai, na Julai ya Moshi mnaijua: mlima haujaonekana wiki nzima, manyunyu, kila kitu kinakauka pole pole. Vumbi nililiachia siku tatu likauke.

Udongo mweusi nilichota Mabogini, kwenye ukingo wa jaruba la mpunga. Huu niliuchekecha mara moja tu, maana tope linatakiwa liwe na mwili. Nikauchanganya na gundi nyeupe, maji kidogo, na nyuzi za mkonge nilizozikatakata fupi kama milimita mbili tatu, ziwe majani ya kinamasi. Nikaupachika kwenye magurudumu na pembeni mwa bodi ya chini kwa brashi mbovu. Matone yaliyoruka nilifanya hivi: chovya brashi ngumu kwenye tope lililozimuliwa, ishike mbele ya madigadi ya nyuma, kisha ipige upepo mtupu wa spregani ndogo. Tope linaruka kwa mstari ambao cheni ingelirusha. Jaribu kwanza kwenye gazeti, mara ya kwanza huwa linatoka bonge. Lililokuwa la karibuni, kwenye meno ya cheni na chini nyuma, nikaligusa kwa vanishi inayong'aa libaki bichi. La juu nikaliacha limekauka na kupauka ukingoni.

Chini ya ukingo wa tope, ukiangalia vizuri kwenye gurudumu la tatu la kulia, kuna mahali tope limebanduka na jekundu la ndani linaonekana. Ni kama punje ya mtama. Nililibandua kwa kijiti cha meno, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Vilibaki vitu vidogo. Dizeli kwenye vifuniko vya matangi: kahawia ya mafuta na vanishi inayong'aa, doa dogo, halafu doa jingine jembamba zaidi juu yake linaloteremka, kwa sababu mafuta hayamwagiki mara moja. Masizi kushoto nyuma, nyeusi na kahawia, yamevutwa kuelekea nyuma. Na gogo. Nilipanda kwa baba mkubwa kumwomba tawi, akaenda mwenyewe na panga dogo mpaka kwenye mti wa kahawa nyuma ya banda la ng'ombe, akachagua kijiti kikavu kilichonyooka. Ganda la mti wa kahawa lina mipasuko midogo ya urefu. Kwenye kipimo hiki linakuwa ganda la gogo lenyewe. Nilikikata sentimita 8, nikakifunga nyuma kwa vipande viwili vya waya.

Tarehe 25 Julai ilinipita nikisubiri vanishi ikauke. Nilikipeleka Jumapili iliyofuata, nimekiviringisha kwenye khanga ndani ya boksi la viatu, nimelishika mapajani toka Moshi mjini mpaka juu. Baba mkubwa alikuwa ametoka kanisani, bado na koti. Alikipokea kwa mikono miwili, hakusema neno, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliangalia reli. Aliangalia matangi. Akaweka kidole kwenye gogo akalisukuma kidogo kuona kama limefungwa kweli.

Mama mkubwa alikuwa amepanga kabati la vyombo na kukiachia nafasi katikati. Nilikiweka mtutu ukitazama chumbani, kama vinavyowekwa vyote. Baba mkubwa akainuka, akakigeuza, gogo na vifuniko vya injini vikaja upande wa kiti chake, akakaa. Nimesikia kwa mdogo wangu kwamba wajukuu wakikigeuza, anakirudisha.